Ununue mkasa upi kwanza? Mwongozo kwa waendesha michezo ya mezani

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, kama Dungeons & Dragons, kitu ambacho watu hununua na kisha hawakitumii ni kitabu cha mkasa. Ndicho anachosoma mwendeshaji, yaani anayesimulia na kuongoza mchezo, peke yake: kina ramani, maadui, na watu ambao wachezaji watakutana nao. Wengi huchagua kinene chenye jalada la kuvutia, wakakisoma hadi katikati, kikaishia kabatini. Mimi natumia kigezo kimoja: ukiwa umekaa mezani na watu wanne wanakusubiri useme kinachofuata, kitabu kinakusaidia kiasi gani? Kama wewe ni mchezaji tu, ishia hapa, maana nitafichua siri.

Nafasi ya kwanza naipa The Haunting, mkasa wa Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa kampuni ya Chaosium, uliotoka mwaka 1981. Hutoi hata senti. Umo kwenye kijitabu cha kanuni za kuanzia ambacho Chaosium wanakitoa bure kwa PDF. Mwenye nyumba mjini Boston, miaka ya 1920, anawaajiri wachezaji wachunguze nyumba isiyokalika. Kabla ya kuingia wanaweza kupekua magazeti ya zamani na kumbukumbu za mji, na kila wanachogundua kinawaongezea wasiwasi. Kisha wanapanda ghorofani, wanakuta chumba chenye kitanda, na kitanda hicho kinamrusha mtu nje kupitia dirishani. Jioni moja inatosha, na mwendeshaji mgeni anajifunza kazi yote humo: kutoa habari, kujenga hofu, kufunga kisa.

Ya pili ni Lost Mine of Phandelver ya mwaka 2014, mkasa wa Dungeons & Dragons kwa wahusika wa ngazi ya 1 hadi ya 5. Tazama inavyoanza. Wachezaji wanasindikiza mkokoteni wa bidhaa, wanakuta farasi wawili wamelala njiani wamekufa, mishale yenye manyoya meusi imewachoma, na goblini wanne, vijitu vikorofi vya kubuni, wamejificha vichakani. Kitabu kinakwambia hata cha kufanya wachezaji wakishindwa: goblini wanawaibia, wanawaacha wamezirai, safari inaendelea. Maelezo ya namna hiyo ndiyo ya kulipia, kwa sababu yanakuokoa pale ambapo dadu zimekataa na hujui pa kushika. Angalizo moja tu: joka la kijani lililoko Thundertree linaweza kuua kundi zima, kwa hiyo wape wachezaji onyo la wazi mapema. Kisanduku cha kuanzia kilichokuwa na mkasa huu kilishapisha kingine mwaka 2022, hivyo utakitafuta cha mtumba, au ununue Phandelver and Below ya 2023, ambamo mkasa huo umeingizwa na kurefushwa. Nusu ya kwanza ndiyo yenye thamani.

Kundi lenu likikutana mara chache, nunua Candlekeep Mysteries ya 2021, nayo ya Dungeons & Dragons; ndiyo ya tatu. Ni mikasa 17 mifupi, kila mmoja ukianzia kwenye kitabu fulani cha maktaba moja kubwa. Ubora unapanda na kushuka, lakini aliyekosa wiki iliyopita hajapotea.

Curse of Strahd, 2016, ya mchezo huohuo, ni ya nne, na naipenda sana. Mwanzoni mpiga ramli anawasomea wachezaji karata, na karata hizo ndizo zinazoamua silaha zimefichwa wapi na adui mkuu, vampaya anayenyonya damu, atakabiliwa wapi. Huhitaji karata maalumu. Kitabu kinaeleza namna ya kutumia za kawaida. Imeshuka hadi nafasi hii kwa sababu ya maandalizi: kurasa 256, na habari za mtu mmoja zimetawanyika sura tatu. Ukiinunua, andika daftari lako mwenyewe.

Masks of Nyarlathotep ya mwaka 1984, ya Call of Cthulhu, ni kubwa kuliko zote, na ndiyo ya mwisho kununua. Toleo la 2018 lina zaidi ya kurasa 600 katika majuzuu mawili. Mkasa wake wa mwaka 1925 unapita New York, London, Cairo na Shanghai, na sura nzima iko Kenya ya wakoloni. Wachezaji wa Nairobi au Mombasa wataijua nchi hiyo kuliko kitabu, basi rekebisha majina, lugha na namna wenyeji wanavyosawiriwa kabla hujaiendesha. Sura hiyo ikishikwa na mtu wa hapa inaweza kuwa bora kuliko zote.

Kuhusu malipo, kwa aliye Afrika Mashariki usafirishaji na ushuru huweza kuzidi bei ya kitabu, hivyo anza na PDF. Ukinunua kitabu cha karatasi kwenye duka la mtandaoni la Chaosium, PDF yake huja pamoja nacho. Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, hawauzi PDF za vitabu vyao vikubwa vya sasa; utavisomea kwenye tovuti yao, D&D Beyond. Ramani na barua za kuwapa wachezaji zichapishe steshenari, sehemu nyingine isome kwenye simu au kompyuta.