Sabuni ya potasiamu kwa vidukari vya shibiti: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima kwa sababu ya kibandiko cha chupa, si kwa sababu ya dawa. Kibandiko kinasema "lowesha majani" kisha kinanyamaza, ilhali kwenye shibiti, ambayo wengine huiita dili, vidukari wengi hawakai kwenye jani lililo wazi.

Ninayoizungumzia ni sabuni ya kuua wadudu iliyotengenezwa kwa chumvi za potasiamu za asidi za mafuta, ile nzito ya kuchanganya na maji, yenye takriban asilimia 49 ya sabuni. Huua kwa kumgusa mdudu tu: huharibu nta na utando wa ngozi yake laini, naye akakauka. Matone yakishakauka kazi imekwisha. Haiingii ndani ya mmea wala haibaki juu yake kumngoja mdudu wa kesho. Kwa kiungo kinacholiwa kibichi hiyo ni sifa kubwa, ila inamaanisha kidukari usiyemlowesha leo yuko salama kabisa.

Kipimo ni mililita 20 kwa lita 1 ya maji, unapata mchanganyiko wa asilimia 1 hivi. Ukivuka asilimia 2, kinachoongezeka zaidi ni hatari ya kuunguza ncha za majani. Kabla ya kupiga mche mzima, pulizia tawi moja, usubiri saa 24 hadi 48.

Maji yenyewe ndiyo yanayowaangusha wengi bila wao kujua. Maji magumu yana kalisi na magnesi, na hizo hushikana na sabuni kuwa utando usioua chochote. Changanya kidogo kwenye glasi, tikisa, acha dakika chache. Ukiona mabonge meupe kama maziwa yaliyochacha, tafuta maji ya mvua au yaliyochujwa madini. Kuongeza sabuni kufidia hali hiyo ni kupoteza chupa, na mabonge hayo huziba pua ya kinyunyizio.

Sasa mmea wenyewe. Kikonyo cha jani la shibiti hupanuka chini kikawa ala inayokumbatia shina. Humo ndani, na kwenye vichipukizi ambavyo havijakunjuka, ndimo vidukari wanamojazana. Jani lenyewe ni nyuzinyuzi, kwa hiyo matone makubwa hupita katikati yake yakaishia kwenye udongo. Funga pua ya kinyunyizio hadi itoe ukungu mwembamba, shika shina kwa vidole viwili kwa sababu huvunjika upesi, liinamishe, pulizia kutoka chini kwenda juu. Kisha lisimamishe na upulizie kutoka juu moja kwa moja kwenye kila kwapa la jani, mpaka maji yaonekane yakitelemka ndani ya ala. Hatua hii ya mwisho ndiyo kibandiko kingepaswa kuiandika kwa herufi nzito.

Piga asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa halichomi na joto likiwa chini ya nyuzi 32. Juani sabuni hukauka kabla ya kuua. Mche ulionyauka kwa kiu usiupige. Mwagilia kwanza, urudi kesho yake.

Mara moja haitoshi. Kidukari jike huzaa watoto hai bila kuhitaji dume, na kwenye joto la kadiri mtoto huyo huanza kuzaa akiwa na umri wa wiki moja hivi. Mimi hufuata siku ya 1, ya 5 na ya 9, ili wale walioponea ndani ya ala wakutwe kabla hawajakomaa. Kupima matokeo, gongagonga tawi juu ya karatasi nyeupe na uhesabu wanaotembea. Vile vijigamba vyeupe visivyosogea ni ngozi walizojivua. Watu huvidhani inzi weupe wakakimbilia dawa nyingine bure. Na ukiona vidukari waliovimba, wa rangi ya kahawia kama karatasi, waache hapo: ndani mna kiluwiluwi cha nyigu mdogo anayekufanyia kazi.

Sisimizi wanaopanda na kushuka shina lazima washughulikiwe, la sivyo unapiga dawa huku walinzi wakifukuza wanaokula vidukari. Sisimizi huwalinda vidukari kwa ajili ya majimaji matamu ambayo vidukari hutoa, yaleyale ambayo kuvu nyeusi huota juu yake. Ondoa pia majani ya chini yanayogusa udongo, maana ndiyo madaraja yao.

Kwa utitiri na inzi weupe wachanga sabuni hii inafaa, mradi uwalenge upande wa chini wa majani. Kwa viwavi wakubwa usitarajie kitu. Waokote kwa mkono, au ukiwa na wengi tumia dawa ya bakteria wanaoua viwavi, Bt (Bacillus thuringiensis) aina ya kurstaki, jioni, viwavi wangali wadogo. Mayai ya wadudu sabuni haiyaui.

Shibiti ikishachanua, weka chupa chini. Maua yake huita nzi wa maua na nyigu wadogo, na mabuu ya nzi hao hula vidukari kwa bidii kuliko kinyunyizio chochote. Sabuni haichagui, nayo mabuu yana ngozi laini kama ya vidukari. Hapo mimi hukata shada lililojaa nikaliondoa zima.

Kuhusu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo badala ya hii: nyingi si sabuni hasa bali viosheo vyenye manukato na viondoa mafuta, na shibiti huonyesha uharibifu huo upesi. Akiba unayoipata haifai hasara ya majani.

Soma kibandiko kujua siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hapo angalau kibandiko cha chupa yangu kinaeleza wazi. Hata inaporuhusu kuvuna siku ileile, osha majani kwa maji mengi ukiwa umezifungua ala, kwani ladha ya sabuni hubaki humo na vidukari waliokufa hawadondoki wenyewe. Changanya cha kutosha siku hiyo tu, kisha pitisha maji safi kwenye pua kabla ya kuweka kinyunyizio.