Uzoefu wangu: Nilivyoundiwa Liemba ndogo na fundi wa mitumbwi, Kibirizi

Kama unataka meli ya mfano inayokwenda majini kwa mota, siyo pambo la kabatini, soma haya kabla hujatoa oda.

Nilimpa fundi mmoja wa mitumbwi hapa Kibirizi, Kigoma, kazi ya kuunda bodi (mwili wa chombo) ya mfano wa MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika iliyoletwa Kigoma vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaungwa hapa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Meli yenyewe ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Tukachagua kipimo cha 1:100, yaani sentimita 71 kwa 10.

Kazi ya mkono ilikuwa safi sana. Mataruma (mbavu za chombo) yamepangika, omo, yaani sehemu ya mbele, imesimama wima kama ya Liemba, kalafati ya kuziba nafasi za mbao haikupitisha hata tone. Ila alitumia mninga wa karibu sentimita nzima, kama anavyozoea. Tulipoiweka kwenye pipa lililokatwa, ikiwa na mota na betri, maji yalifika sitahani, yaani kwenye sakafu ya juu.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu ambayo ningeipiga mwanzo. Urefu ukipungua mara 100, uzito hupungua mara milioni moja: kila tani 1,000 za meli zinabaki kilo 1. Liemba ya kipimo hicho ina kilo moja na nusu hivi ya kugawana bodi, mota, betri na kila kitu. Mbao peke yake zilishaimaliza.

Ya pili tukaifanya 1:50. Urefu umeongezeka mara mbili tu, uwezo wa kubeba mara nane! Mbao za msonobari, milimita 4. Betri ya pikipiki tumeilaza juu ya mkuku (uti wa chini wa chombo) ikawa ndiyo farumi, yaani uzito wa kuituliza, na chubwi (risasi) chache za nyavu kusawazisha upande wa tezi, yaani nyuma. Niliilaza ubavu kwa mkono mpaka sitaha ikalowa. Nilipoachia, ikainuka yenyewe. Nilifurahi mno.

Dosari zipo. Tundu la mhimili wa pangaboi lilitobolewa kombo, nikaliziba na kutoboa upya. Na wiki tatu tulizokubaliana zilifika saba, kwa sababu kwenye mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika na kuleta mitumbwi yao kukarabatiwa, na fundi hawezi kuwaacha. Peleka oda yako wakati wa giza la mwezi, na unene wa mbao uandike kwenye karatasi.