Nyuma ya Impreza: bushi za poliyurethani au jointi za chuma?
Bushi za raba (vipande vya mviringo kwenye maungio ya saspensheni) zikichoka, gari la Subaru Impreza WRX huyumba mkia: ukikata kona kwa kasi, mikono ya nyuma, yaani vyuma vinavyoshikilia gurudumu, inasogea na tairi linabadili mwelekeo lenyewe. Wengi hukimbilia bushi za poliyurethani, plastiki ngumu kuliko raba, kwa kuwa ni nafuu. Kwenye mikono ya pembeni, inayotoka katikati ya gari hadi gurudumu, inafaa sana, maana pale bushi huzunguka kwenye mhimili mmoja. Ipake grisi ya silikoni, la sivyo italia kila tuta.

Tatizo ni mkono mrefu unaoelekea mbele. Huo hupanda, hushuka na kujipinda kwa pamoja, na poliyurethani haikubali kupindwa. Inabana, saspensheni inakakamaa. Hapo ndipo jointi ya chuma inaposhinda: tufe lake linacheza ndani ya kikombe, linageuka kila upande bila kukwama wala kunyumbuka. Lakini kila kokoto utaisikia kitini, na vumbi hulila tufe hilo mpaka lianze kugonga.

Kwa gari la kwenda kazini na la siku za mbio, mimi ningechanganya: poliyurethani pembeni, na jointi ya chuma yenye kifuniko cha raba kwenye mkono mrefu.