Uzoefu wangu na AntConc kwenye tenzi za kale

Kama unachambua tenzi za zamani na bado unahesabu maneno kwa kalamu, jaribu AntConc, programu ya kompyuta ya kutafuta na kuhesabu maneno kwenye maandishi. Ni ya bure, kaitengeneza Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani, inakubali Windows, Mac na Linux, na ukishaidaunlodi haikuombi intaneti, kitu ambacho kwa bei za bando si haba.

Mimi naitumia kwa Utendi wa Mwana Kupona, ule wasia wa mama kwa bintiye wa mwaka 1858. Unaweka maandishi kwenye faili la txt, unalipakia, basi. Kinachonikosha ni sehemu ya Plot, unaandika mume* (hiyo nyota maana yake chochote kitakachofuata, kwa hiyo mumeo na mumewe wote wanakuja) inakuchorea neno limekaa wapi tangu mwanzo mpaka mwisho, na hapo unaona kabisa mume kajazana kwenye wasia, ukifika kwenye dua anapotea.

Sasa angalia mtego. Kule mwishoni Mwana Kupona anawageukia wanawake wote anawaambia wawatii waume zao, ila kwa mume* huwapati, maana programu haijui ngeli, kwake mume na waume ni watu wasiojuana. Ukisema utafute *ume* anakuja mpaka Mtume, na yule yuko kila mahali kwenye tenzi zetu! Dawa ni kuingia Advanced Search ukaweka orodha yako mwenyewe, umoja na wingi. Kwa vitenzi ndo kazi zaidi, viambishi vinakaa mbele na nyuma ya mzizi. Kwa hiyo asiyejua sarufi haimsaidii sana, anayejua itamwokolea wiki nzima. Mimi naipa nyota 4 kati ya 5.

Halafu kabla hujaanza ingia settings uongeze ritifaa (') kwenye orodha ya herufi, la sivyo ng'ombe anakatwa vipande viwili. Na usichanganye matoleo, hizi tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kila aliyezihamisha ana tahajia yake, huyu Mngu yule Mungu, mashine inahesabu mbali mbali. Pia usilinganishe Kiamu, lahaja ya Lamu, na magazeti ya leo kwenye Keyword (sehemu inayoonyesha maneno yaliyozidi kwenye andiko lako ukililinganisha na jingine), utaletewa mato (macho) na ndoo (njoo) kama maneno ya pekee kumbe ni lahaja tu, bora utenzi kwa utenzi wa huko huko Lamu na Pate.