Maji ya soda na maji ya kawaida: lipi la kunywa, lipi la kupikia

Kwa kukata kiu, hayapishani. Maji ya soda ni maji yaliyoshindiliwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwili huyapokea kama maji mengine. Tofauti iko pembeni.

Gesi ikiyeyuka hutoa asidi hafifu, pH (kipimo cha asidi) kati ya 4 na 5, ndiyo ule ukali wa ulimini. Meno huyavumilia yakinywewa pamoja na chakula; kuyanyonya kidogo kidogo kutwa nzima, hasa yakiwa na ndimu, ndiko kunakoyala meno. Mwenye kiungulia au tumbo la kujaa gesi abaki na ya kawaida. Aina nyingi hutiwa pia magadi ya soda au chumvi, hivyo mwenye presha asome lebo: sodiamu ya miligramu 20 kwa mililita 100 si ajabu. Na toniki, kinywaji kingine cha gesi, isidhaniwe kuwa ndiyo haya! Ile ina kwinini, na kwa kawaida sukari gramu 8 hivi kwa mililita 100.

Jikoni, maji ya soda hushinda kwenye rojo la bajia za kuzamisha: unga kikombe kimoja, maji ya soda baridi sana robo tatu ya kikombe, koroga kidogo, kaanga papo hapo. Ukiliacha rojo nusu saa, gesi imeshatoroka na bajia hutoka nzito.

Chai, wali, maziwa ya kopo ya mtoto na mchanganyiko wa ORS (chumvi na sukari ya mwenye kuharisha): maji ya kawaida tu, safi na salama.