Uzoefu wangu na fimbo ya pool ya kuagiza kwa fundi, baada ya kuingoja kwa miaka

Fimbo hii nimeichezea kwa muda wa kutosha sasa kuweza kuizungumzia bila ile furaha ya siku za kwanza inayofunika kasoro. Niliiagiza kwa fundi anayefanya kazi peke yake katika karakana yake, na jina lake silitaji kwa sababu sehemu ya ninayotaka kuyasema ni lawama. Nilipotoa arbuni aliniambia nisubiri kama miaka miwili. Fimbo ilinifikia katika mwaka wa tano. Ni bora kuliko fimbo zote nilizowahi kushika, na hilo nalisema mapema ili lisibaki na shaka. Lakini wachezaji wenzangu hawaniulizi kama ni nzuri. Wananiuliza kama ilistahili kungojwa kiasi hicho, na jibu langu linagawanyika: upo muda ambao mbao zenyewe ziliuhitaji, na huo sina kinyongo nao hata kidogo, na upo muda uliopotea kwenye foleni na katika ukimya, ambao haukuongeza chochote kwenye fimbo niliyoipokea.

Kwa asiyezoea mambo haya, fimbo ya kuagiza ni ile ambayo mchezaji na fundi hukubaliana juu ya kila kipimo kabla ya ubao wa kwanza kuwekwa kwenye mashine. Yangu ina urefu wa inchi 58, yaani sentimita 147 hivi, ambao ndio urefu wa kawaida, na uzito wa takriban gramu 540, ambao nao si wa ajabu. Nilichotaka kibadilike ni namna uzito huo unavyokaa. Fimbo nyingi za kiwandani huongezewa boliti ya chuma ndani ya kitako, yaani nusu ya nyuma, ili zifikie uzito uliotangazwa, na boliti hiyo huuvuta uzito nyuma, kwenye mkono unaopiga, hata sehemu ya mbele ikawa nyepesi kupita kiasi. Mimi nilitaka uzito utokane na mbao zenyewe na usogee mbele kidogo. Niliomba pia shafti mbili, yaani nusu za mbele zinazofungwa kwenye kitako, zenye kipenyo cha milimita 12.75 kwenye ncha, na kiungo cha mbao kwa mbao chenye skrubu nene ya inchi 3/8, kisichokuwa na kola ya chuma.

Shafti ndizo zenye haki ya kuchukua muda. Hutengenezwa kwa mbao ngumu ya mepoli, mti wa nchi za baridi za Amerika Kaskazini, na ubao unaofaa lazima uwe mweupe, wenye nyuzi zilizonyooka kutoka mwanzo hadi mwisho na pete za ukuaji zilizobanana. Hata ukaushwe vizuri namna gani, ndani yake hubaki mkazo usiojitokeza mpaka uanze kukerezwa: kila tabaka la nje linapoondolewa, mbao inayobaki hupata nafasi ya kupinda kuelekea upande inaoutaka. Ndiyo maana fundi makini hakerezi shafti kwa siku moja. Huanza na kijiti kinene, akakipunguza kidogo, akakining'iniza wima kwa wiki au miezi kadhaa, kisha akakirudisha kwenye mashine ya kukereza na kuangalia kama bado kinazunguka bila kuyumba. Kikiwa sawa, hupunguzwa tena kidogo na kuning'inizwa tena. Kikiwa kimepinda, hutupwa au hugeuzwa kuwa kitu kingine. Kazi hiyo ikifanywa kama inavyotakiwa inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, na sijui njia ya kuikwepa, kwa sababu shafti iliyoharakishwa hutoka karakanani ikiwa imenyooka, halafu hewa inapobadilika hupinda ikiwa mikononi mwa mnunuzi.

Katika mwaka wa tatu fundi alinitumia picha ya shafti zangu zikiwa bado vijiti vinene, zimening'inia pamoja na nyingine kwenye ubao wenye misumari. Kila kijiti kilikuwa kimeandikwa kwa penseli kwenye sehemu yake nene, tarehe chini ya tarehe, moja kwa kila mara kilipopita kwenye mashine. Vichache vilikuwa vimechorwa msalaba. Niliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba kwa kila shafti inayomfikia mchezaji kuna nyingine zilizoachwa njiani, na kwamba bei ya fimbo ya namna hii inalipia pia zile zilizokataliwa.

Picha hiyo hiyo ndiyo iliyonizulia swali. Tarehe ya kwanza kwenye vijiti vyangu ilikuwa ya mwishoni mwa mwaka wa pili. Maana yake ni kwamba kwa muda wote uliotangulia jina langu lilikuwa kwenye orodha tu, na hakuna mbao iliyokuwa ikipumzika kwa ajili yangu. Shafti haina mwenyewe mpaka hatua za mwisho kabisa, pale kipenyo cha ncha na mteremko wa unene vinapowekwa kufuata matakwa ya mchezaji. Kabla ya hapo kijiti kinaweza kuwa cha mtu yeyote. Wapo mafundi wanaoweka akiba ya vijiti vilivyokwisha kukerezwa nusu na kutulia kwa miaka, na mteja anapofikiwa na zamu yake, kazi ngumu ya kusubiri huwa imeshafanyika. Fundi wangu alikuwa na akiba ndogo mno. Nilipanga foleni kwanza, kisha nikasubiri mbao, mambo mawili ambayo yangeweza kwenda pamoja.

Kuchelewa kwa pili kulitokana na mbao za kitako, na hapo simlaumu. Niliomba kitako cha mepoli yenye madoa madogo ya duara, ile inayopendwa sana kwa mapambo yake ya asili, na ndani yake mikuki minne, yaani vipande vya pambo vyenye ncha kali, ya kokobolo, mbao nyekundu ya Amerika ya Kati. Kokobolo ni ya jenasi ya Dalbergia, ambamo pia mna mpingo na aina nyingi za rozwudi, na tangu Januari 2017 jenasi yote imo chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Fundi alitafuta vipande vilivyokauka vya kutosha na vyenye nyaraka kamili, hakuvipata, akaniuliza kama ningekubali abunusi ya Gabon badala yake. Nilikubali. Misitu ya kokobolo ilivamiwa mno, na kama sharti la kuihifadhi ni mimi kungoja au kubadili rangi ya mikuki, naliona ni sharti la haki. Ni kama ilivyokuwa kwa pembe za ndovu, ambazo zamani zilitumika kutengeneza kile kikopo cheupe kinachokaa chini ya ngozi ya ncha; leo vikopo hivyo ni vya plastiki ngumu, na sijakutana na mchezaji aliyeshindwa kutumbukiza mpira kwa sababu hiyo.

Lililoniudhi ni ukimya. Baada ya suala la abunusi kumalizika, karibu mwaka mzima ulipita bila neno. Barua zangu hazikujibiwa, na zilipojibiwa, jibu lilikuwa sentensi moja isiyotaja hatua iliyofikiwa. Sikuwa nikidai kuharakishiwa. Mtu aliyekwisha kutoa theluthi ya bei ana haki ya kuambiwa kwamba rangi ya juu bado haijakauka, au kwamba fundi alikuwa mgonjwa, au hata kwamba hajaigusa kazi yake tangu mwezi fulani. Ujumbe wa namna hiyo huandikwa kwa dakika chache, na ungeondoa wasiwasi wote niliokuwa nao kwamba karakana ilikuwa imefungwa na fedha yangu imekwenda.

Wapo wanaomtetea fundi wa aina hii kwa kusema kwamba mkono mmoja hauwezi kwenda haraka, na kwamba ubora unatokana na kila kitu kufanywa na mtu yule yule. Sikubaliani nao, na historia ya ufundi huu inaniunga mkono. George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912 na kufariki Marekani mwaka 1975, ndiye ambaye fimbo zake huheshimiwa na wakusanyaji labda kuliko za mtu mwingine yeyote, na nyingi kati ya hizo zilianza na vitako vilivyokwisha kuunganishwa na wengine: kwanza vya kampuni ya Brunswick, baadaye vya mafundi Burton Spain na Gus Szamboti. Yeye aliongeza jicho lake, uunganishaji wake na umaliziaji wake. Hakuna anayesema leo kwamba fimbo zake ni pungufu kwa sababu hiyo. Kumbe kufanya kila kitu peke yako ni uamuzi wa fundi, tena uamuzi wa kuheshimiwa, lakini muda unaotokana nao usiitwe muda wa ubora.

Basi fimbo yenyewe. Jambo la kwanza nililolikagua ni mikuki, kwa sababu hapo ndipo ufundi hauwezi kujificha. Siku hizi mashine inayoongozwa na kompyuta inaweza kuchimba umbo la mkuki kwenye kitako na kulijaza, lakini hii yangu ilikatwa mifereji yenye umbo la herufi V, mbao zikagundishwa ndani yake, kisha kitako chote kikakerezwa mpaka mikuki ikajitokeza. Kosa dogo sana la kukata huonekana juu, pale vilele vinapopishana urefu. Nilikizungusha kitako taratibu chini ya taa nikiwa nimeweka ukucha kwenye kilele cha mkuki wa kwanza, na vilele vyote vinne vilipita chini ya ukucha huo huo. Kuzunguka kila mkuki kuna tabaka tatu za vinia, yaani mbao nyembamba sana, nyeusi, nyeupe na kijani, nazo zinakutana kwenye kilele kwa ncha kali, bila gundi iliyofurika wala weupe kulowana rangi ya jirani yake. Kwenye kiungo nilifunga shafti kisha nikapitisha kidole nikiwa nimefumba macho, na sikuweza kutambua mahali shafti inapoishia na kitako kinapoanzia. Shafti zote mbili zinafunga hivyo hivyo.

Katika kucheza, tofauti niliyoisikia mara moja ni sauti na mtikisiko. Ncha na mpira mweupe hugusana kwa muda mfupi sana, takriban elfu moja ya sekunde, kwa hiyo kile mchezaji anachokiita hisia ya fimbo humfikia mpira ukiwa umekwisha kuondoka. Hata hivyo hisia hiyo ndiyo inayomfundisha mkono. Kwa fimbo hii naweza kujua kabla ya kutazama kama nimepiga katikati au nimekosea kidogo, maana pigo safi hutoa mlio mmoja mfupi na mzito, na pigo lililokosewa hutetemeka mpaka kwenye kiganja. Mizani niliyoiomba imeleta faida kubwa zaidi kwenye mapigo ya taratibu, yale ya kusogeza mpira mweupe umbali mdogo, ambako zamani nililazimika kuibana fimbo ili ncha isiinuke. Sasa inatulia yenyewe juu ya mkono wa mbele.

Asitarajie mtu kwamba itamwongezea ushindi kwa yenyewe. Kuna jambo moja ambalo shafti za kisasa, hasa zile za nyuzi za kaboni, zinaishinda waziwazi. Unapoupiga mpira mweupe pembeni ili uzunguke, huwa unakengeuka kidogo kuelekea upande wa pili, na kadiri sehemu ya mbele ya shafti inavyokuwa nzito ndivyo mkengeuko unavyoongezeka. Mepoli isiyotobolewa ndani ni nzito mbele, kwa hiyo kwenye mapigo marefu yenye mzunguko mwingi lazima nilenge kwa kufidia zaidi kuliko mwenzangu mwenye shafti ya kaboni. Mimi nimeizoea tabia hiyo tangu nilipoanza mchezo na sioni haja ya kuiacha. Kwa anayeanza leo, au anayetaka shafti isiyojali unyevu wala joto, ningesema wazi kwamba kaboni itamfaa zaidi, na haingojwi miaka.

Kasoro ni mbili. Pale uzi wa kitani wa mshiko unapokutana na kitako pana mwinuko mdogo sana wa vanishi, ambao jicho halioni lakini kidole kinausikia, na kwa kazi iliyochukua miaka hii sikutarajia kuukuta. Ya pili ni kwamba shafti moja ni nyepesi kuliko nyingine kwa gramu chache, na ingawa zote zimenyooka mpaka leo, na nazikagua mara kwa mara, mlio wao si mmoja. Naipenda ile nzito. Nyepesi hukaa kwenye mkoba.

Kwa hiyo nimemwagiza fundi yule yule shafti ya tatu, nikiwa nimepima vyema ninachokijua juu ya mikono yake na juu ya barua zake. Safari hii niliuliza kwanza kama kijiti kipo tayari, kimepita kwenye mashine mara ngapi na kimepumzika tangu lini, nikaomba majibu yaandikwe kwenye makubaliano pamoja na uzito ninaoutaka, na nikakataa kutoa arbuni kabla ya kuyapata. Alijibu upesi kuliko nilivyotarajia. Akiba yake imekua tangu wakati ule, amenichagulia kijiti chenye tarehe za zaidi ya miaka miwili, na kimebakiza kukerezwa mara mbili tu.