Kipozeo Kipi Ununue kwa Bia ya Nyumbani? Tazama Kwanza Kinavyosafishika

Wengi wanaotaka kununua kipozeo cha maji ya kimea, yaani kioevu kitamu cha nafaka iliyooteshwa ambacho huchachushwa kuwa bia, huuliza jambo moja tu: sufuria iliyotoka kuchemka itachukua dakika ngapi kushuka hadi nyuzi 20 hivi za Selsiasi, ili hamira itiwe. Ni swali la haki, lakini mimi huanza na jingine. Kipozeo hugusa maji ya kimea yakiwa hayatachemshwa tena, kwa hiyo uchafu wowote uliojificha ndani yake huingia moja kwa moja katika chombo cha kuchachushia. Kwa sababu hiyo nimevipanga vipozeo hivi kwa urahisi wa kuvisafisha na kuvitunza, wala si kwa kasi.

Nafasi ya kwanza naipa koili ya kuzamisha, yaani bomba lililoviringwa, iliyotengenezwa kwa stenlesi. Maji baridi hupita ndani ya bomba na maji ya kimea hubaki nje, hivyo kila sehemu inayogusa kinywaji unaiona kwa macho na kuifikia kwa mkono. Izamishe dakika 15 kabla ya kuzima moto, na mchemko wenyewe utaua vijidudu. Ukishaitoa, isuuze papo hapo kabla masalia ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, hayajakauka, na kazi imekwisha. Ihadhari tu na dawa za klorini, kwa maana hutoboa vishimo vidogo katika stenlesi.

Koili ya shaba inafuata kwa karibu sana. Hupitisha joto vizuri kuliko stenlesi, lakini inadai uangalizi zaidi. Rangi ya kahawia inayoifunika isikutie hofu. Maji ya kimea yana uasidi kidogo, nayo huila rangi hiyo hadi shaba itoke sufuriani iking'aa. Kutu ya kijani ni habari nyingine, kwa kuwa ina sumu na haipaswi kuingia kwenye bia. Iondoe kwa siki, kisha suuza kwa maji mengi na uikaushe.

Unapochagua koili yoyote, tazama viungio vya mipira. Viwe vinaning'inia nje ya ukingo wa sufuria, ili kiungio kikivuja maji yadondoke sakafuni badala ya kuingia katika maji ya kimea. Baada ya matumizi, mwaga maji yote yaliyobaki ndani ya bomba, hasa ikiwa kipozeo kitahifadhiwa mahali penye baridi ya kugandisha, kwani barafu hupasua bomba.

Nafasi ya tatu ni ya kipozeo cha bomba ndani ya bomba, ambamo maji ya kimea hupita katika bomba la ndani na maji baridi hupita katika bomba la nje yakielekea upande wa kinyume. Hupoza upesi, ila huwezi kuona ndani, na utahitaji pampu ya kuzungusha maji moto yenye sabuni ya kusafishia vyombo vya bia, kisha maji safi, mara tu unapomaliza kazi.

Cha mwisho ni kipozeo cha bamba, japo ndicho kidogo kuliko vyote na kasi yake inavutia. Njia zilizo kati ya mabamba ni nyembamba mno, na vingi havifunguki kwa sababu mabamba yameunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Niliwahi kusuuza kimoja hadi maji yakatoka meupe kabisa, nikaridhika. Nilipogeuza mpira na kusukuma maji moto kutoka upande wa kutokea, vilimwagika vipande vyeusi vya hopsi na utando unaoteleza kama ute wa bamia. Tangu siku hiyo siamini usuuzaji wa upande mmoja.

Ukikitaka hata hivyo, nunua pamoja nacho chujio la hopsi la kuweka sufuriani, na uhakikishe viungio vya pande zote mbili vinafanana ili mipira igeuzwe kwa urahisi. Usitie ndani yake dawa ya kusafishia yenye soda kali inayounguza, kwani hushambulia ile shaba ya maungio. Kikishasafishwa, kisimamishe wima matundu yakitazama chini hadi tone la mwisho litoke.